Theluji ya Chicago, Mafuriko ya Porto Alegre na Kura za Miji Yetu

Januari 1979 theluji ilianguka Chicago kwa siku mbili mfululizo, juu ya theluji nyingine ambayo haikuwa imeondolewa tangu mkesha wa Mwaka Mpya. Ilipokoma, karibu nusu mita ya theluji mpya ilikuwa imelala barabarani. Magari yalifukiwa, takataka zikarundikana vichochoroni, treni za mjini zikaharibika kwa baridi. Meya Michael Bilandic akawatangazia wakazi wahamishie magari yao kwenye viwanja vya shule ambavyo, kwa maelezo yake, vilikuwa vimekwisha kusafishwa. Watu wakaenda, wakavikuta vimejaa theluji vilevile. Kisha mamlaka ya usafiri, ili kuharakisha safari, ikaagiza treni zisisimame katika vituo kadhaa vya mitaa ya Weusi. Waliokuwa wakisubiri kwenye baridi ile wakaziona zikiwapita, zimebeba abiria wa pembezoni mwa mji. Tarehe 27 Februari, katika kura ya mchujo ya chama cha Democratic, ambayo kwa mji ule ndiyo uchaguzi wenyewe, Bilandic akashindwa na Jane Byrne, mwanamke ambaye yeye Bilandic alikuwa amemfukuza kazi mwaka 1977. Walipishana kwa kura zisizofika 17,000 kati ya zaidi ya 800,000.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya theluji iliyomwangusha meya. Lakini Januari 1967 mji uleule ulikuwa umepigwa na theluji kubwa zaidi, yapata sentimita 58, hata mabasi yakatelekezwa katikati ya barabara. Aprili mwaka uleule Richard J. Daley alichaguliwa tena kuwa meya kwa zaidi ya asilimia 70 ya kura. Theluji kubwa ilimwacha meya kitini, iliyopungua ikamwondoa mrithi wake. Sababu basi haiko kwenye kipimo cha kile kilichoanguka kutoka mawinguni. Nimeanza na Chicago kwa sababu nataka kuuliza swali linalotuhusu sana sisi tunaoishi katika miji inayozama kila masika: hasira ya mkazi inahitaji nini ili ifike kwenye sanduku la kura, na ikishafika, inahitaji nini tena ili ifike kwenye mtaro?

Daley alitawala Chicago tangu 1955 hadi alipofariki Desemba 1976, na wakati huohuo alikuwa mwenyekiti wa chama wa kaunti yote ya Cook, ulimo mji huo. Kila kata ilikuwa na mkubwa wake wa chama, na chini yake kila kituo cha kura kilikuwa na mtu aliyejua nyumba kwa nyumba. Msomaji wa Tanzania atamtambua mara moja: ni balozi wa nyumba kumi, isipokuwa huyu wa Chicago alikuwa na uwezo wa kuagiza lori. Alijua nani hana kazi, pipa la nani limeibwa, taa ipi ya barabarani imezimika. Alilipeleka jambo juu, likashughulikiwa, na siku ya uchaguzi akapita mlango kwa mlango kudai malipo yake. Mfumo ule ulikuwa na uovu mwingi. Ajira za umma ziligawiwa kwa wanachama, na mitaa ya Weusi ilipewa mabaki huku kura zake zikihesabiwa kama mali ya chama. Siutamani. Hata hivyo ulimfundisha mkazi wa Chicago kwamba mji una mwenyewe na mwenyewe ni meya. Aliyejitwalia sifa ya kila taa iliyowaka hakuwa na pa kujificha taa ilipozimika. Daley alipofukiwa na theluji 1967, watu waliyaona makatapila yakitoka. Bilandic alirithi kiti, akarithi na dai la kuwa mji unafanya kazi, na mwaka 1979 dai hilo likamrudia yeye peke yake. Waliotangulia kumwadhibu ni wale waliopitwa na treni: kata za Weusi zilizozoea kuupa mtandao wa chama ushindi zilimpa Byrne.

New York ilikuwa imeonja jambo hilo miaka 10 kabla. Februari 1969 mitaa ya Queens ilikaa siku kadhaa bila kusafishwa wakati katikati ya Manhattan kulipitika, na Meya John Lindsay akazomewa alipojaribu kwenda kuwaona wakazi. Juni akashindwa kura ya mchujo ya chama chake. Alinusurika Novemba kwa tiketi ya chama kidogo, baada ya kutokea kwenye matangazo ya televisheni na kukiri kwamba aliikosea theluji ile. Ona kwamba hakupata kusema kuwa theluji ni kazi ya gavana wa jimbo, wala kwamba Washington haikuleta fedha. Kukiri kosa ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo, kwa kuwa kila mtu alijua magari ya theluji yanaegeshwa kwa nani.

Ushindi wa Byrne ulileta nini? Nadhani ulileta jambo moja la kudumu, nalo ni woga. Tangu 1979 hakuna meya wa Chicago anayechezea theluji. Mwaka 2012 mji ule ulianza kuonyesha kwenye ramani ya intaneti kila gari la kusukuma theluji liko mtaa gani, ili mkazi asiambiwe uongo tena kuhusu kilichosafishwa. Lakini kwa waliompa Byrne kiti, malipo hayakuja walivyotarajia, na mwaka 1983 wapiga kura Weusi walimwacha, wakamchagua Harold Washington, Mweusi wa kwanza kuwa meya wa mji huo. Hapo ndipo walipogundua kwamba kiti na madaraka ni vitu viwili. Madiwani 29 kati ya 50, wakiongozwa na Edward Vrdolyak, waliungana kumzuia, na kwa karibu miaka mitatu uteuzi na bajeti zake zilikwama barazani, mpaka mahakama ilipoamuru mipaka ya baadhi ya kata ichorwe upya na uchaguzi mdogo wa 1986 ukabadilisha hesabu. Kura ilikuwa imemweka mtu sahihi mahali ambapo hakuweza kutenda. Tulitunze jambo hilo, maana kwetu limekuwa ndiyo hali ya kawaida.

Sasa twende kusini mwa Brazili. Porto Alegre ni mji ambao kwa miaka mingi wanaharakati wa dunia nzima walikwenda kujifunza. Mwaka 1989, chini ya Meya Olívio Dutra wa Chama cha Wafanyakazi, mji uligawanywa katika maeneo 16 na wakazi wakaanza kukutana kila mwaka kupanga ni lami ipi itangulie, ni mtaa upi uwekewe maji taka, ni shule ipi ijengwe. Bajeti shirikishi iliyoenea baadaye hadi Ulaya, Asia na Afrika ilianzia pale. Watu wa mabonde na vilima waliokuwa hawajawahi kuulizwa kitu walikaa wakajadili fedha za mji kwa majina ya barabara. Pamoja na hayo chama hicho kilishindwa uchaguzi wa 2004 baada ya miaka 16, na mabaraza yale yakaendelea kwa jina huku nguvu ikipungua.

Mapema Mei 2024 mvua zilizonyesha jimbo zima la Rio Grande do Sul ziliteremka na mito hadi ziwa Guaíba, lililo mlangoni mwa mji. Maji yalipanda hadi zaidi ya mita 5.3, yakapita rekodi ya mafuriko ya 1941 ambayo ilikuwa mita 4.76. Mji huu haukuwa mtupu mbele ya maji. Baada ya yale ya 1941 ulijengewa ukuta, matuta, milango ya chuma 14 na vituo vya pampu 23, na ukuta ule ulisimama miaka mingi hata watu wakataka ubomolewe kwa kuwa unaziba mandhari. Siku ya kuuhitaji ilipofika, milango mingine ilivuja au ikaachia, pampu nyingi zikazimika, na maji yakaingia mjini kwa njia ya mifereji ileile iliyojengwa kuyatoa. Idara ya mifereji ya mvua ilikuwa imevunjwa miaka michache nyuma, kazi yake ikaingizwa katika idara ya maji. Zaidi ya watu 180 walikufa katika jimbo lile. Mitaa ya Sarandi na Humaitá ilikaa majini wiki kadhaa, na uwanja wa ndege ukafungwa.

Ungetazamia nini Oktoba, uchaguzi wa mji ulipofika? Mtu aliyesoma habari za Chicago angesema meya amekwisha. Sebastião Melo alikuwa madarakani tangu Januari 2021, na pampu na milango vyote vilikuwa mali ya mji wake. Tarehe 6 Oktoba alikaribia kabisa kushinda katika duru ya kwanza. Tarehe 21 uwanja wa ndege ukafunguliwa tena. Tarehe 27 akamshinda Maria do Rosário wa Chama cha Wafanyakazi kwa zaidi ya asilimia 61.

Wapo waliosema watu wa Porto Alegre wamesahau. Sikubali. Mtu ambaye godoro lake lilielea hawezi kusahau katika miezi mitano. Maelezo rahisi zaidi ni kwamba mpinzani wake alikuwa anakataliwa na wengi, na hilo ni kweli. Lakini nadhani kuna jambo zito zaidi. Mafuriko yale yalikuwa makubwa kiasi kwamba kila ngazi ya serikali iliweza kuingia ndani yake na kutoka. Jimbo lilikuwa na gavana wake, Eduardo Leite. Serikali ya shirikisho ya Rais Lula ilimteua waziri maalumu wa ujenzi mpya, ikatoa reais 5,100 kwa kila familia iliyopoteza mali. Meya aliweza kusema kwamba ukuta na pampu zilijengwa na taifa tangu zamani, hivyo ukarabati wake mkubwa si mzigo wa mji peke yake. Na aliweza kusema kwamba maji ya aina ile hayajaonekana tangu dunia iumbwe. Mkazi aliyesimama kwenye matope alipokea fedha kutoka ngazi moja, ahadi kutoka nyingine, koleo na ufagio kutoka kwa jirani, na lawama zake hazikupata pa kutua. Nyingine hazikufika kituo cha kura kabisa. Brazili kupiga kura ni lazima kisheria, na asiyekwenda hutozwa faini. Hata hivyo katika duru ile ya pili zaidi ya theluthi moja ya waliojiandikisha Porto Alegre hawakutokea. Mimi huzisoma namba hizo mbili pamoja, asilimia ya meya na asilimia ya waliobaki nyumbani. Moja bila nyingine hudanganya.

Nairobi ni kinyume cha Porto Alegre kwa matokeo, na pacha wake kwa sababu. Katiba ya 2010 iliupa mji ule gavana wa kuchaguliwa moja kwa moja, na tangu hapo wapiga kura wamekuwa hawana huruma. Evans Kidero, aliyeingia Machi 2013 akitokea kwenye usimamizi wa kampuni kubwa ya sukari na akisifiwa kuwa mtu wa kazi, alitolewa Agosti 2017. Aliyemshinda, Mike Sonko, alikuwa picha iliyogeuzwa: mtu wa mitaani, wa vikosi vyake vya magari ya zimamoto na ya maji, anayejibu simu usiku. Desemba 2020 Seneti ikamwondoa kwa kura ya kumshtaki iliyoanzia kwa wawakilishi wa wadi. Ann Kananu akamaliza muda bila kuwa amechaguliwa kwa kiti hicho. Agosti 2022 akaja Johnson Sakaja. Hakuna gavana wa Nairobi aliyepata kuchaguliwa mara ya pili. Kwa hesabu za Chicago, huu ungekuwa mji ambao kanjo, yaani askari wa kaunti, wanatembea kwa adabu na taka hazilali.

Kwa nini haikuwa hivyo? Jibu liko katika tarehe moja ambayo huwa inatajwa haraka mno. Tarehe 25 Februari 2020, huku akiwa na kesi ya ufisadi na amezuiwa na mahakama kuingia ofisini mwake, Sonko alitia saini Ikulu mkataba wa kuikabidhi serikali ya taifa kazi kuu za kaunti: afya, usafiri, ujenzi na huduma za umma, mipango miji. Ibara ya 187 ya Katiba inaruhusu makabidhiano ya namna hiyo. Kikaundwa chombo kipya cha huduma za jiji, kikawekwa chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi, mwanajeshi ambaye hakuna mkazi aliyempigia kura na hakuna ambaye angeweza kumnyima. Chombo hicho kilichimba visima katika mitaa ya mabanda, kikatengeneza njia za miguu katikati ya mji, na wengi walikishukuru. Naielewa shukrani yao. Anayenunua maji kwa mtungi kila asubuhi hana nafasi ya kuuliza bomba limeletwa na ibara gani. Ila mwishoni mwa Septemba 2022 chombo kilifungwa, kazi zikarudi kwa gavana mpya, na hesabu ya nani alifanya nini na nani aliacha nini ikaanza upya.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Machi 1983 serikali ya Kenya ililisimamisha baraza la mji wa Nairobi na kuweka tume ya kuteuliwa iliyodumu hadi uchaguzi wa 1992. Kwa hiyo mkazi wa Nairobi mwenye umri wa kutosha amekwisha kuona mji wake ukiongozwa na madiwani wa kuchaguliwa, makamishna wa kuteuliwa, gavana, jenerali, kisha gavana tena. Mtaro wa mbele ya nyumba yake umebaki umeziba katika zama zote hizo.

Aprili 2024, wiki chache kabla ya Porto Alegre, mvua ziliifurika Nairobi. Mathare ilipoteza watu, nyumba za kando ya mto zikasombwa, na barabara za mitaa ya wenye nacho zikawa mito. Nani wa kuulizwa? Mtaro wa ndani ya mtaa ni wa kaunti. Mtaro wa kando ya barabara kubwa ni wa mamlaka za barabara za taifa. Mto wenyewe una mamlaka ya rasilimali za maji, mamlaka ya mazingira, na tume ya mito ya Nairobi iliyoundwa na Rais baada ya uchaguzi wa 2022. Kibali cha ghorofa lililojengwa juu ya njia ya maji kilitoka kwa kaunti, pengine miaka 10 nyuma, chini ya gavana aliyekwisha kuadhibiwa. Na amri ya kuhama kando ya mito ilipotoka, ilitoka serikali ya taifa, pamoja na matingatinga na ahadi ya shilingi 10,000 kwa familia. Linganisha na zile reais 5,100. Katika miji yote miwili mkono uliotoa fedha haukuwa ule ulioshika mtaro, na katika miji yote miwili mkazi aliachwa akiwa na deni la shukrani kwa mmoja na deni la hasira kwa mwingine, bila kujua yupi ni yupi. Miezi miwili baadaye, tarehe 25 Juni, vijana walipoingia Bunge la Kenya kwa ajili ya muswada wa fedha, sehemu ya ofisi za gavana iliteketea vilevile. Sitaki kuusoma moto huo kupita kiasi. Waandamanaji walikuwa na hoja yao na haikuwa mitaro. Nasema tu kwamba hakuna aliyeshangaa kwamba moto ulifika na huko.

Dar es Salaam swali lenyewe hubadilika sura, kwa sababu hapa mkazi hana meya wa kumwadhibu. Meya huchaguliwa na madiwani. Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenye saini ya fedha, huteuliwa na Rais, sawa na mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa. Baada ya uchaguzi wa 2015 upinzani ulipata madiwani wa kutosha, na Machi 2016, uchaguzi ukiwa umeahirishwa mara kadhaa, Isaya Mwita wa CHADEMA akawa meya wa jiji. Yeyote aliyekuwa Dar miaka ile anakumbuka ni sauti ya nani iliyosikika zaidi asubuhi hadi jioni, na haikuwa ya meya. Ilikuwa ya mkuu wa mkoa. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa na Rais Magufuli, na hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Ilikuwa imevunjwa pia 1974, ikarudishwa 1978. Ikavunjwa tena 1996 na kuachiwa tume iliyoongozwa na Charles Keenja hadi 2000. Tume ya Keenja husifiwa hata leo kwa kuondoa taka na kusafisha mji, kama vile Nairobi wanavyovisifu visima vya jenerali. Sifa hizo ni za haki, na ndizo zinazonitia wasiwasi. Kila mara mji unaposafishwa na watu wasiochaguliwa, tunazidi kuamini kwamba kuchagua ni kazi ya siasa na kusafisha ni kazi ya serikali, kana kwamba hivyo viwili havikupaswa kukutana.

Anayebaki kuchaguliwa karibu na mlango wa mkazi ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Nampenda mwenyekiti wa mtaa kama taasisi. Ni mtu unayeweza kumkuta. Anaandika barua ya utambulisho, anagonga muhuri, anasuluhisha ugomvi wa mpaka na wa kelele, anajua nani amefiwa. Lakini muulize kuhusu mtaro uone. Barabara za mtaa tangu 2017 ziko TARURA. Barabara kubwa ni TANROADS. Maji safi na majitaka ni DAWASA. Mto Msimbazi una bodi ya bonde lake. Taka zina mkandarasi wa manispaa anayekuja na risiti ya ada hata wiki ambayo gari halikupita. Kodi ya majengo, ambayo katika miji mingi duniani ndiyo kamba inayomfunga mwenye nyumba na baraza la mji wake, ilihamishiwa mamlaka ya mapato ya taifa, TRA, mwaka 2016, na tangu 2021 hukatwa ndani ya LUKU, malipo ya umeme ya kabla. Mtu ananunua umeme, analipia mji bila kuiona ofisi ya mji, na mara nyingi anayelipa ni mpangaji. Kamba imekatwa pande zote mbili: halmashauri haimtegemei mkazi moja kwa moja kwa kodi hiyo, na mkazi hana risiti ya kuipeleka halmashauri akaiuliza fedha imefanya nini.

Ndani ya hali hiyo ndipo matokeo ya serikali za mitaa yanapaswa kusomwa. Desemba 2014 upinzani ulichukua mitaa mingi ya Dar es Salaam, na ulikuwa ujumbe wa wazi. Novemba 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na chama tawala kikapata zaidi ya asilimia 99. Tarehe 27 Novemba 2024 malalamiko ya kuenguliwa yakarudi, na ushindi wa chama hicho tawala ukatangazwa kuwa zaidi ya asilimia 98. Wakazi wa mabondeni wanaotandika mifuko ya mchanga mlangoni kila mvua za vuli na masika, waliowaona majirani wakifa Desemba 2011 na wengine wakihamishiwa Mabwepande, hawawezi kuwa wameridhika kwa asilimia 98 na namna mji wao unavyoendeshwa. Anayeamini hivyo apande daladala siku ya mvua akasikilize. Matokeo ya namna hiyo hayampi hata kiongozi mwenye nia njema habari yoyote ya kufanyia kazi. Bilandic alijua ni kata zipi zilimkataa na kwa nini. Mwenyekiti aliyepita bila kupingwa hajui.

Katika Zama za Kati, miji ya Italia kama Siena na Bologna ilikuwa na desturi ninayoitaja kwa sababu haihusu kura kabisa. Katika karne ya 13 miji hiyo ilimwajiri mtawala kutoka mji mwingine, aliyeitwa podestà, kwa muda mfupi: miezi 6 au mwaka. Muda ulipokwisha hakuruhusiwa kuondoka. Alilazimika kubaki siku kadhaa wakati wakaguzi wakipitia hesabu zake, na mkazi mwenye dai dhidi yake au watumishi wake aliweza kulileta. Alichopatikana nacho kilikatwa kwenye mshahara wake. Tuna sheria inayofanana na roho hiyo: mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kusomewa mapato na matumizi. Mijini mikutano ya mtaa ipo vilevile, na inapoitishwa watu huja. Tatizo ni kwamba anayekaa meza kuu hakukusanya wala kutumia kile ambacho wamekuja kuulizia. Watawala wa Siena walikaguliwa kwa fedha zilizopita mikononi mwao wenyewe.

Wapo wanaotaka Dar es Salaam ipate meya wa kuchaguliwa na wananchi wote. Nawaunga mkono, lakini Nairobi inatuonya kwamba haitoshi: wamempata, wamembadilisha kila mara, na kaunti ikakabidhi kazi zake kwa saini moja. Harold Washington alipata kiti Chicago akanyimwa madiwani. Porto Alegre ilikuwa na meya mwenye pampu mkononi na bado lawama zikamwagika nje ya mipaka ya mji. Kwa hiyo, pamoja na meya, ningedai kodi ya majengo irudi halmashauri na isomeke kwa mtaa, na TARURA ya mjini iwajibike kwa madiwani wa mji badala ya wizara. Kwa Nairobi, ambako uchaguzi ni Agosti 2027, ningewataka wagombea ugavana wajibu mapema swali moja: je, wataahidi kutotia saini makabidhiano yoyote ya kazi za kaunti bila kuyapeleka kwanza kwa wakazi wa wadi zote 85?

Na kuna dai dogo zaidi, ambalo halihitaji katiba wala bunge. Katika ofisi ya serikali ya mtaa kuna ubao wa matangazo. Pabandikwe hapo karatasi moja yenye kila mtaro wa mtaa ule: jina la barabara, taasisi inayoumiliki, jina na simu ya mhandisi wake, tarehe ulipozibuliwa mara ya mwisho na kiasi kilicholipwa. Kazi ya kuiandaa haizidi wiki mbili, na kila taarifa inayotakiwa imo tayari katika faili za serikali. Mtaa wa kwanza utakaoidai hadharani katika mkutano wake ujao utajua, kwa jibu utakalopewa, ni nani hasa anaogopa karatasi hiyo.